Tumtafute Aliyesema, Siyo Aliyeshika Kalamu Tu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua wenzangu wengi wataandika juu ya nidhamu, dawa za kulevya na faida za Kiswahili, na hayo ni mambo mazuri. Mimi nataka kusema juu ya jambo ambalo linaonekana dogo lakini limeleta magomvi katika nyumba nyingi, nalo ni hati ya mkono.

Wapenzi wasomaji, mmeona jinsi inavyokuwa. Karatasi inaokotwa. Mmoja anaiinua kwenye mwanga, anakunja uso kama daktari, halafu anatamka: "Hii ni hati ya fulani." Basi! Kesi imekwisha. Huyo fulani ataadhibiwa, au atanyimwa kitu chake, na hakuna atakayeuliza swali lingine. Maoni yangu ni kwamba kesi hapo haijaisha, ndiyo kwanza inaanza. Karatasi yoyote ina mtu aliyeshika kalamu na mtu aliyetoa maneno. Wakati mwingine ni mtu huyo huyo mmoja. Lakini hapa Kitale, na kule Bungoma ambako wengi wetu tuna wazee, mara nyingi sana ni watu wawili.

Hebu tuanze hapa karibu. Kila darasa lina mtu mmoja mwenye hati kama ya kitabu. Huyo ndiye huandika majina juu ya madaftari ya wenzake, ndiye huandika ratiba ukutani, na ndiye (walimu mniwie radhi) huandika barua za mapenzi za wavulana wanne watano ambao hati zao ni kama kuku amepita kwenye matope. Malipo ni mandazi mawili. Sasa msichana akipokea barua tatu kwa juma moja, zote kwa hati ile ile tamu, atadhani ana mchumba mmoja mwenye bidii sana, kumbe ana watatu wavivu.

Hayo tunacheka. Lakini kuna shule moja ya kutwa ninayoijua, ambayo sitaitaja, ambapo karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ikilalamika juu ya wadudu katika maharagwe ya chakula cha mchana. Madaftari ya Kidato cha Pili yakakusanywa yakalinganishwa na ile karatasi, na kijana mmoja akatumwa nyumbani wiki mbili. Je, ni yeye aliyeandika? Ndiyo, herufi zilikuwa zake, hakukana. Lakini maneno yalikuwa yamepangwa na darasa zima wakati wa mapumziko, na yeye akasukumiwa karatasi kwa sababu ya hati yake nzuri. Wiki mbili alikaa nyumbani akichunga ng'ombe, na wale waliosema waliendelea kukaa darasani na kula yale yale maharagwe. Wakubwa walimpata mwandishi, lakini wasemaji hawakuwapata, wala sidhani walijua kwamba wako.

Sasa wacha niwapeleke mbali kidogo, mpaka Marekani, kwa sababu kuna kisa cha huko kinachoonyesha jambo hili kuliko kingine chochote nilichosoma.

Wamarekani wana mchezo uitwao besiboli. Ni kama ile rounda tuliyocheza shule ya msingi, mpira mdogo, rungu, na kukimbia kuzunguka vituo, isipokuwa wao wameufanya kazi ya mshahara. Mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa zamani aliitwa Joe Jackson. Alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la South Carolina. Watu walimpa jina Shoeless Joe, yaani Joe Asiye na Viatu, kwa sababu inasemekana siku moja viatu vipya vilimuumiza akaamua kucheza kwa soksi. Alikuwa mtoto wa maskini. Badala ya kwenda shule alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha nguo za pamba, na kwa hivyo akakua hajui kusoma wala kuandika. Mpira aliupiga mpaka nchi nzima ikamjua, lakini gazeti lililomsifu hakuweza kulisoma.

Aliyemsomea ni mkewe, Katie. Katie alikuwa na elimu. Barua zake Joe ziliandikwa na Katie, na mara nyingi hata jina lililowekwa chini, "Joe Jackson", ni Katie aliyeliandika. Joe mwenyewe alijifunza kulichora jina lake polepole, herufi baada ya herufi, jinsi mtu anavyochora picha ya nyumba. Kwa sababu hiyo saini yake halisi ni adimu kama maziwa ya kuku. Mwaka 2021 picha yake moja ya mwaka 1911 yenye saini yake iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.4. Fikirini, mtu asiyejua kuandika, na jina lake kwa mkono wake linauzwa kwa bei ya majumba! Kwa hivyo wenye kununua vitu hivyo wana kazi moja kubwa, kuuliza: huu ni mkono wa Joe au wa Katie?

Mimi naona hilo ni swali la sokoni. Wale wanaotaka kuweka saini ukutani lazima waulize hivyo. Lakini anayetaka kujua ukweli kuhusu Joe ana swali lingine, na hapa ndipo nataka msomaji asimame nami.

Mwaka 1919 timu yake, White Sox ya Chicago, ilishindwa katika mashindano makubwa ya mwaka, na baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wamepewa pesa na wacheza kamari ili washindwe kwa makusudi. Wachezaji wanane walishtakiwa, Joe akiwa mmoja wao. Baada ya mashindano hayo Joe alimpelekea mwenye timu, Charles Comiskey, barua. Ukiitazama barua utasema ni ya Katie, maana hati ni yake. Lakini aliyekuwa na neno la kumwambia Comiskey ni Joe. Mwaka 1921 baraza la mahakama liliwaachilia wachezaji waliofikishwa mbele yake, lakini mkuu wa mchezo, jaji Landis, akawafungia wote wanane maisha wasicheze tena.

Joe akaenda mahakamani mwaka 1924, huko mji wa Milwaukee, kudai mshahara wake. Katika mkataba wake mlikuwa na kifungu kilichoruhusu timu kumwachisha kazi kwa notisi ya siku kumi tu. Joe alisema hakujua kifungu hicho kimo. Alisema ofisa wa timu alimhakikishia kwamba hakimo, naye akaweka saini bila mkewe kumsomea. Upande wa timu ulikana maneno hayo. Baraza la mahakama lilimwamini Joe, likaamua alipwe zaidi ya dola 16,000, lakini hakimu akautupilia mbali uamuzi huo kwa kusema Joe amesema uwongo mbele ya mahakama.

Siandiki haya ili kuamua kama Joe alikula rushwa. Watu wamebishana juu ya hilo miaka mia moja, na marufuku yake yenyewe yaliondolewa Mei 2025, yeye akiwa kaburini tangu mwaka 1951. Ninachotaka mtazame ni zile karatasi mbili. Barua kwa Comiskey: mkono ni wa Katie, maneno ni ya Joe. Mkataba: mkono ni wa Joe, maneno ni ya watu wengine kabisa, na yeye hakuweza kuyasoma. Mtaalamu wa hati angezitazama akasema kwa ukweli mtupu kwamba barua si ya Joe na mkataba ni wa Joe. Na kila aliyemsikiliza mtaalamu huyo akaishia hapo angekuwa ameelewa kinyume!

(Kuna kichekesho kimoja zaidi. Joe aliacha wosia wenye saini yake. Katie alipofariki mwaka 1959 mali ilienda kwa vyama viwili vya hisani, cha ugonjwa wa moyo na cha saratani. Miaka mingi baadaye vyama hivyo vilienda mahakamani kudai ile karatasi yenyewe ya wosia kwa ajili ya saini, lakini mahakama kuu ya jimbo ikasema ni hati ya umma, ibaki serikalini. Wosia kawaida hugombaniwa kwa yaliyoandikwa ndani. Huu uligombaniwa kwa wino wake.)

Mtu ataniuliza, sisi na Joe wapi na wapi? Wapi na wapi ni hapa hapa. Wazee wetu wengi waliovuka kutoka Bungoma kuja kufanya kazi katika mashamba ya wazungu ya Trans Nzoia hawakujua kusoma. Walivaa kipande shingoni, ndani mna alama za vidole vyao na maneno ya mwajiri. Kidole ni chao, maneno si yao. Hata yule mchezaji mpira wetu maarufu zaidi wa zamani, Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye mwaka 1930 alichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage kabla hajaanzisha Dini ya Msambwa, mengi tunayosoma juu yake yaliandikwa na maofisa wa mkoloni waliomkamata, wakampeleka hospitali ya Mathari, kisha wakamhamishia Lamu. Alifariki mwaka 1987. Ukisoma faili inayosema "Masinde alisema hivi", uliza kwanza nani alikuwa ameshika kalamu, na alikuwa amekasirika kiasi gani.

Nami nina karatasi yangu ya kuzungumzia.

Kaka mkubwa wa babu yangu, ambaye sote tulimwita kuka, alikuwa mchezaji wa mpira katika ujana wake huko Bungoma. Alicheza winga ya kushoto. Alikuwa akitwambia kwamba siku moja alimkaba Joe Kadenge mpaka Kadenge akaomba maji. Sisi hatukubisha, mzee habishiwi. Mpira alijua, kalamu hakujua. Jina lake aliweza kuliandika kwa herufi kubwa zenye kutetemeka, kwa sababu alifundishwa na wenzake wa timu ili aweze kupokea pesa za nauli. Zaidi ya hapo, hapana.

Alipofariki, ndani ya mkebe wa Kasuku alimokuwa akiweka picha za timu, ilipatikana nusu karatasi ya daftari. Imeandikwa kwa wino wa buluu, hati nzuri ya kuunganisha, na chini kuna jina lake kwa zile herufi zake za kutetemeka. Inasema hivi:

"Mimi nasema ile shamba ya huko chini kwa mto nimepea msichana wangu. Ngombe ile mbili ni ya huyu kijana ya mwisho. Mtu asiende kusumbua yeye."

Msichana anayetajwa ni shangazi yangu, au senge kama tunavyomwita nyumbani. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi na watoto watatu, na hilo shamba la chini ndilo analolima sukuma wiki na mahindi yanayowalipia watoto karo. Bila hilo shamba hana mahali. Ndugu zake waliposomewa karatasi walisema kwa sauti moja: "Mzee hakujua kuandika. Hii ni hati ya mwanamke. Amejiandikia." Wakaleta daftari la kikundi cha akina mama cha kanisani ambalo yeye ni mweka hazina, wakaweka kando ya karatasi, wakaanza kulinganisha herufi y. Mkia wa y hapa umepinda, na hapa umepinda! Wazee wakatikisa vichwa. Nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kwa mazishi, na nilishangaa jinsi mkia wa y unavyoweza kula ekari moja na nusu.

Sasa mniruhusu niseme kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili, maana hapa kuna kitu ambacho sisi tunaweza kukiona na wale wazee hawakukiona.

Kwanza ile hati. Mkia wa y kupinda si kitu. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza akifundisha miaka thelathini, kijiji kizima kitapinda y kama yeye. Wataalamu wa hati hawatazami herufi moja. Wanatazama jinsi herufi zinavyoshikana, mlalo wa maandishi, ukubwa wa herufi ndogo kando ya zile kubwa, nafasi kati ya maneno, mahali kalamu inapoinuliwa na mahali inapokandamizwa. Tena wanataka mifano mingi ya hati ya mtu huyo huyo, ya wakati ule ule, kwa sababu hakuna mtu anayeandika jina lake sawasawa mara mbili. Anayeiga hati ya mwenzake huenda polepole, na ule upole huonekana katika mstari wenyewe. Sasa shangazi yangu aliachia masomo darasa la nne. Katika lile daftari la kanisa kila herufi inasimama peke yake, kubwa, kama mtu aliyegombana na jirani. Karatasi ya mkebe ina herufi zilizounganishwa vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Y inafanana, mengine yote hayafanani.

Halafu maneno. Aliyeandika ana hati ya mwanafunzi, na mwanafunzi wa darasa la saba au nane anajua ngeli, hata kama ni kwa kuogopa fimbo. Angeandika "shamba lile", "nimempa", "ng'ombe wale wawili". Hii karatasi inasema "ile shamba", "nimepea", "ngombe ile mbili". Huo ndio mdomo wa kuka mzima mzima! Ukisoma kwa sauti unamsikia akikohoa katikati. Na kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kabla ya neno "shamba" kuna neno limekatwa kwa mstari mmoja, lakini bado linasomeka, nalo ni "shamba lile". Mwenye kalamu aliandika kama alivyofundishwa shuleni, kisha akafuta, akaandika "ile shamba". Jamani, nani duniani hufuta Kiswahili sanifu aweke makosa? Ni mtu anayeambiwa na mtu mwingine: andika vile ninasema.

Kuna atakayesema kwamba shangazi naye huzungumza hivyo hivyo, "ile shamba". Ni kweli. Kwa hivyo ngeli peke yake haimwokoi. Lakini iweke pamoja na hati: hati si ya shangazi, na ngeli si ya mwenye hati. Hapo lazima kulikuwa na watu wawili chumbani, mmoja wa kusema na mwingine wa kuandika.

Na kweli walikuwepo. Bibi yangu ndiye aliyekumbuka, si katika kikao bali jikoni akichambua maharagwe, kwamba mzee alipokuwa mgonjwa kulikuwa na msichana wa jirani, wakati huo darasa la saba, aliyekuwa akimletea uji jioni pamoja na mama yake. Msichana huyo sasa ameolewa upande wa Matunda. Alipopigiwa simu alisema ndiyo, ni yeye aliyeandika, kwa daftari lake la Hisabati, na mzee wa kanisa alikuwapo kuomba. Alisema kuka alimkaripia alipoandika "lile". Hakuna aliyemwambia juu ya lile neno lililofutwa, alilitaja mwenyewe.

Sasa tazama: watu watatu walisikia, msichana, mama yake na mzee wa kanisa. Wote wako hai. Na katika kikao kizima hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Nani alikuwapo?" Wote walikuwa wameinamia y.

Nilimwomba mwalimu wetu wa Historia na Serikali anisaidie kujua sheria inasemaje, na nikaona sheria ina akili kuliko kikao chetu. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 48, inakubali maoni ya wataalamu wa hati, kama wale wa polisi wa upelelezi kule Nairobi. Kifungu cha 50 kinakubali hata maoni ya mtu wa kawaida anayeifahamu hati ya mwenzake. Lakini hayo ni maoni, yanamsaidia hakimu, hayamwondolei kazi ya kuamua. Halafu Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 11, inasema wosia wa maandishi unaweza kutiwa saini au alama na mwenyewe, au hata na mtu mwingine mbele yake na kwa amri yake, mradi wawepo mashahidi wawili au zaidi. Yaani sheria inajua kwamba mkono unaweza kuwa wa mtu mwingine! Na kifungu cha 9 kinakubali wosia wa mdomo ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, ikiwa aliyeutoa amefariki ndani ya miezi mitatu. Kuka alifariki wiki saba baada ya karatasi ile.

Sisemi kwamba shangazi ameshinda. Karatasi yenyewe haina saini za mashahidi, na mimi si wakili. Isitoshe, hata bila karatasi yoyote, sheria hiyo hiyo haimtengi binti na ndugu zake wa kiume, na Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi, lakini huo ni mjadala wa toleo lingine, na nahisi utanigombanisha na baba zangu wadogo. Ninachosema ni kwamba njia ya kuufikia ukweli ilikuwa kuwatafuta waliosikia, na hati ingetumika kutuelekeza kwao. Badala yake hati ilitumika kama mlango wa kufungia watu nje.

Najua pingamizi. Mwalimu mmoja niliyemwonyesha makala hii aliniambia: "Ukifundisha hivyo, kila mwenye kuandika matusi chooni atasema, mimi niliambiwa tu." Pengine. Lakini anayesema aliambiwa atamtaja aliyemwambia, na huyo ataulizwa. Kazi inaongezeka, sikatai. Afadhali kazi iongezeke kuliko mwenye hati nzuri awe ndiye mwenye makosa ya kila mtu. Tena tusidhani wataalamu hawana maana. Kuna mchezaji mwingine wa besiboli, Ty Cobb, aliyependa kuandika kwa wino wa kijani. Katika jumba la kumbukumbu la mchezo huo huko Cooperstown kuliwekwa shajara iliyosemekana ni yake ya mwaka 1946, iliyopitia kwa mwandishi wa habari Al Stump. Wapelelezi wa FBI walipoilinganisha na hati zake za kweli walisema mkono ule si wa Cobb. Hapo mtaalamu alifanya kazi nzuri, kwa sababu Cobb alijua kuandika na hakuna aliyedai kwamba alimsomea mtu imla. Swali la mkono lilikuwa ndilo swali lenyewe. Kwa kuka, kama kwa Joe, swali lilikuwa lingine.

Watu wa mjini watasema barua zimekwisha, siku hizi ni simu. Wapite siku ya soko waone. Mzee akitaka kumwandikia chifu, au kuombea mjukuu msaada wa karo, bado anatafuta mtoto wa shule. Mimi mwenyewe namwandikia bibi yangu barua za kikundi chake, naye hunilazimisha nimsomee mara mbili, na nikiongeza hata neno moja la kupamba anajua. "Hiyo ni yako," anasema, "toa." Kwa hati yangu mtu angeweza kudhani mimi ndiye ninayedai deni la kuku wanne.

Kwa hivyo nimependekeza kwa chama, na mwalimu mlezi amekubali tujaribu muhula ujao. Jumamosi mbili kila mwezi, wanachama wenye hati nzuri watakaa chini ya mti karibu na lango la shule kuwaandikia wazee barua bila malipo. Tutaandika kama mzee anavyosema, ngeli zake zikiwa zake, wala mtu asije na kalamu nyekundu. Tutamsomea mpaka aseme imetosha. Chini tutaweka mistari mitatu: aliyesema ni nani, aliyeandika ni nani, waliosikia ni nani, na tarehe. Karatasi tunazo za kutosha mwezi mmoja. Wanaotaka kujiunga wampe jina katibu kabla ya Ijumaa, na waje na mfano wa hati yao. Kikao cha nyumbani kimewekwa Agosti, na yule dada wa Matunda amesema atakuja ikiwa atatumiwa nauli. Bibi ameshauza kuku mmoja.